JE, UNAUZA NYUMBA AU UNAUZA RANGI?



Swali la leo ni jepesi kuuliza, lakini kulijibu ni kazi. Mtu anataka kuuza nyumba yake. Kabla mnunuzi hajaja, anaita fundi, anapaka rangi nyumba nzima. Je, huyu ametenda vema au amedanganya?

Usijibu haraka! Wako wanaosema, "Biashara ni biashara bwana, mnunuzi si ana macho?" Na wako wengine, hasa sisi watu wa ibada, wanaosema kila pambo ni uongo, kwa hiyo ukiuza nyumba uiuze vile vile ilivyo, na buibui wake darini. Mimi nasema wote wawili wamekosea. Soma mpaka mwisho uone walipokosea, maana jambo hili litakufikia. Kama huuzi nyumba leo, kesho utauza shamba la marehemu baba, au utanunua kiwanja, au utakuwa jirani anayeulizwa na mgeni njiani, "Eti hapa pakoje?"

1. KUPAMBA SI DHAMBI

Tuanze na upande wa haki. Nyumba iliyokaliwa miaka kumi inachoka. Mikono ya watoto imepita ukutani, moshi wa jiko umetia weusi, majani yamefunga njia ya uani, bomba linadondosha maji tip tip usiku kucha. Mgeni akiingia hapo haoni nyumba, anaona fujo. Hawezi kujua kama chumba ni kikubwa kwa sababu kimejaa magunia, viti vibovu na baiskeli isiyo na tairi.

Sasa mwenye nyumba akifagia, akatoa magunia, akafyeka majani, akabadili bomba, akafungua madirisha hewa ipite, amefanya nini? Amemsaidia mnunuzi KUONA. Chumba ni kile kile, futi ni zile zile. Ameondoa kilichokuwa kinaziba. Hata rangi mpya kwenye ukuta mzima ni hivyo hivyo, ni kazi halali, tena mnunuzi atakaa nayo na kuifurahia. Nani aliyewahi kumlaumu bibi harusi kwa sababu alioga na kuvaa nguo safi?

Kwa hiyo ndugu yangu mlokole uliyekataa hata kufagia, usijidai una kweli kuliko wengine. Uchafu nao unadanganya! Unaifanya nyumba nzuri ionekane mbovu. Usafi ni heshima kwa nyumba na kwa mgeni wako.

2. RANGI INAPOGEUKA KITAMBAA CHA MACHO

Lakini sikiliza. Rangi hiyo hiyo, brashi hiyo hiyo, fundi huyo huyo, inaweza kufanya kazi nyingine kabisa.

Muulize fundi yeyote wa nyumba, atakuambia nyufa haziko sawa. Upo ufa mwembamba kama unywele, umetawanyika kwenye lipu kama utando. Huo mara nyingi umetokana na lipu kukauka haraka. Ukiupaka rangi hujamdhuru mtu. Lakini upo ufa mwingine, unaanzia kwenye kona ya dirisha, unashuka kwa mshazari, unafuata maungio ya tofali kama ngazi, na shilingi inaingia. Ufa huo unasema kwamba msingi unatembea. Pale penye udongo mweusi wa mbuga, ardhi inavimba mvua ikinyesha na kusinyaa jua likiwaka, na nyumba inapandishwa na kushushwa kila mwaka. Ufa huo ukiuziba kwa saruji kidogo na rangi juu, utarudi. Fundi anajua utarudi. Mwenye nyumba anajua utarudi. Ni nani asiyejua?

Chukua na ukuta unaotoa chumvi. Wenzetu wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa mnaufahamu. Maji yanapanda kutoka chini kwa sababu msingi haukuwekewa kizuizi cha unyevu. Yakifika juu yanakauka, yanaacha chumvi, na chumvi inasukuma rangi mpaka inabambuka. Ukipaka rangi mwezi wa nane kiangazi, ukuta unang'aa kama sahani. Ngoja masika!

Au nyumba ya bondeni. Nani aliyesahau mafuriko ya Desemba 2011 kule bonde la Msimbazi, watu wakafa, na wengi wakahamishiwa Mabwepande? Maji yakishapita huacha mstari wa matope ukutani. Mstari huo ni ushuhuda. Unamwambia kila anayeingia, "Maji yalifika hapa." Mwenye nyumba akiufuta kwa rangi kisha akaiuza kiangazi, amefuta ushuhuda.

Au alama ya X nyekundu. Wengi wetu tunaijua alama hiyo. Nyumba iliyoko ndani ya hifadhi ya barabara ikishawekwa X, siku zake zinahesabiwa. Mwaka 2017 kuanzia Kimara mpaka Kibamba tuliona nyumba nyingi zikivunjwa kupisha upanuzi wa barabara ya Morogoro. Sasa fikiria mtu anapaka rangi juu ya X, halafu anaita mnunuzi kutoka mkoani!

Unaona tofauti? Katika sehemu ya kwanza pambo lilimfungua mnunuzi macho. Hapa pambo limemfunga kitambaa. Kwa hiyo usiulize, "Je, nimepaka rangi?" Jiulize hivi: RANGI HII INAMSAIDIA MWENZANGU KUONA, AU INAMZUIA ASIONE?

3. KUTA MBILI ZA LIPU

Neno lenyewe halikulisahau jambo hili. Ziko kuta mbili zilizopigwa lipu, na nataka uzilinganishe.

Ukuta wa kwanza uko katika Walawi 14, kuanzia mstari wa 33. Nyumba imeingiliwa na pigo, madoa ya kijani au mekundu yaliyozama ukutani. Torati inaagiza nini? Angalia nani anaanza kusema. Si jirani, si kuhani, si mpangaji. Ni MWENYE NYUMBA MWENYEWE! Anakwenda kwa kuhani na kumwambia ameona kitu kama pigo ndani ya nyumba yake. Nyumba inatolewa vitu, inakaguliwa, inafungwa siku saba. Doa likienea, mawe yenye pigo yanatolewa na kutupwa nje ya mji, kuta zinakwanguliwa, mawe mengine yanawekwa, ndipo nyumba inapigwa lipu mpya. Pigo likirudi baada ya hayo, nyumba inabomolewa.

Ukuta wa pili uko katika Ezekieli 13, mstari wa 10 na kuendelea. Watu wanajenga ukuta dhaifu, na manabii wa uongo wanaupaka chokaa uonekane imara. Mvua inakuja, mawe ya barafu yanakuja, upepo unakuja. Ukuta unaanguka na msingi wake unaonekana wazi.

Kuta zote mbili zilipakwa! Tofauti iko wapi? Kwenye ukuta wa kwanza lipu ilikuja BAADA ya kutoa mawe mabovu. Kwenye ukuta wa pili chokaa ilikuja MAHALI PA kutengeneza. Hapo ndipo mpaka ulipo, mpendwa. Tengeneza kwanza, kisha pamba. Na kama huna uwezo wa kutengeneza, basi fanya kile alichofanya mwenye nyumba wa Walawi kabla ya yote: fungua kinywa chako, SEMA.

4. MTAA MZIMA UNAJUA, ILA YEYE TU

Hebu nikupe kisa cha mbali kidogo. Huko Marekani, katika mji wa Nyack jimbo la New York, mama mmoja alikuwa na nyumba kubwa karibu na mto Hudson. Kwa miaka mingi alisema nyumba yake ina mizimu, na habari zake zikaandikwa hata kwenye jarida linalosomwa nchi nzima. Mji wote ukaijua. Ndipo akaiuza kwa dola 650,000 kwa bwana mmoja kutoka jiji la New York, ambaye hakuwa mwenyeji wa pale. Neno la mizimu hakumwambia! Bwana yule alipojua akaenda mahakamani. Mwaka 1991 mahakama ya rufani, majaji watatu kwa wawili, ikasema anayo haki ya kudai mkataba ule uvunjwe.

Mimi sitaki tubishane hapa kama mizimu ilikuwapo. Nataka uone kitu kingine. Yule mama alikuwa tayari kuwaambia watu wote nchini, isipokuwa mtu mmoja tu, yule ambaye habari hiyo ingemgusa mfukoni!

Sasa rudi bondeni kwetu. Kila mtu mtaani anajua maji hufika dirishani. Mama anayeuza vitumbua anajua. Watoto wanajua, maana ndimo wanamoogelea. Mjumbe anajua. Anayeingia na bahasha ya pesa ndiye peke yake asiyejua. Siri ikijulikana na mtaa mzima isipokuwa mtu mmoja, hiyo si siri tena, huo ni MTEGO. Na sisi majirani tuliokaa barazani tukamwangalia akihesabu pesa, tumeshika kamba upande mmoja.

5. "LAKINI HAKUNIULIZA!"

Hili ndilo neno ninalolisikia kuliko yote. "Mimi sikudanganya. Hakuniuliza, sikumwambia."

Tuseme kweli, sheria ya dunia inakupa nafasi hapo. Sheria ya Mikataba ya Tanzania inahesabu kuwa ni ulaghai mtu kuficha kwa makusudi jambo analolijua, na aliyelaghaiwa anaweza kuukataa mkataba. Lakini kunyamaza tu, kwa kawaida, haikuhesabu ulaghai, ila pale ulipokuwa na wajibu wa kusema. Wenzetu wa jimbo la California waliona pengo hilo ni kubwa mno, na tangu mwaka 1987 muuzaji wa nyumba ya kuishi hujaza fomu kuandika kasoro anazozijua. Huku kwetu pengo hilo limeachwa kwa dhamiri yako. Je, dhamiri inasemaje?

"Mnunuzi ana macho," unasema. Sawa. Hebu fungua Kumbukumbu la Torati 22:8. Ukijenga nyumba mpya, unatakiwa uweke ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka. Aliyepanda juu ya dari si ana macho? Si anaona mwisho wa dari ulipo? Hata hivyo Torati inamdai MWENYE NYUMBA. Ikiwa unawajibika kwa hatari ambayo mgeni wako anaiona, je, hutawajibika zaidi kwa ile ambayo hawezi kuiona kwa sababu wewe umeifunika?

Lakini nisikubebeshe mzigo usio wako. Si kila neno la maisha yako ni la mnunuzi. Pima kwa maswali mawili:

(a) Angejua jambo hili, angebadili bei au angeacha kununua?
(b) Je, anaweza kuliona mwenyewe kwa kuangalia kama watu wanavyoangalia?

Kama jibu la kwanza ni NDIYO na la pili ni HAPANA, una deni la kusema. Choo kinachojaa kila masika, sema. Mchwa walioko darini, sema. Nyumba iko rehani benki, sema! Kesi ya mirathi haijaisha, sema! Mama watoto hajui kama nyumba inauzwa? Hapo simama kabisa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzako. Unapaka rangi sebule ambayo mama amelala ndani yake hajui kinachoendelea!

Lakini chumba ni kidogo? Hilo analiona mwenyewe. Unauza kwa sababu una madeni? Hiyo ni habari ya mfuko wako, si ya ukuta. Waweza kunyamaza. Ila akikuuliza usitunge uongo, mwambie tu, "Hilo ndugu yangu niachie mwenyewe." Babu alifia chumba cha nyuma? Watu hufa majumbani, kifo si ufa. Lakini ukiona jambo hilo ni zito kwa huyu mtu, akauliza, mjibu kweli.

6. "NIKISEMA KWELI SITAUZA"

Hapa ndipo penye maumivu, na sitaki kupita juu juu. Anayeuza mara nyingi si tajiri. Ni mjane ana mtoto hospitali. Ni mzee aliyestaafu, kiinua mgongo kimekwisha. Anamwambia dalali, "Mwanangu, nikitaja ufa huu watanipunguzia." Dalali anajibu, "Mama, wewe piga rangi, mengine niachie mimi."

Tuseme nyumba ikiwa nzima ni shilingi milioni 40, na kutengeneza msingi ni milioni 6. Mama akisema kweli atapata milioni 34. Akificha atapata 40. Milioni 6 kwa mjane si mchezo! Nani anaweza kumhukumu?

Lakini fuata zile milioni 6 uone zinakwenda wapi. Je, ufa umetoweka? Haujatoweka. Je, gharama ya kuutengeneza imefutwa? Haijafutwa. Ipo, imehamia tu kwa mtu mwingine. UONGO HAUONDOI HASARA, UNAIHAMISHA. Na aliyehamishiwa ni nani? Labda naye ni mjane. Labda ni kijana aliyeuza ng'ombe za baba yake akakopa na nyingine. Yeye hakuchagua kubeba. Na kwa kuwa hajui, atalala na watoto wake chini ya ukuta ule bila kuugusa, na siku ya kuanguka haitangojea kulipwa milioni 6.

Tena si kweli kwamba kitu chenye kasoro hakiuziki. Soma Yeremia 32. Yeremia alinunua shamba huko Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, wakati jeshi la Babeli limeuzingira mji! Palikuwa na shamba baya kuliko hilo? Lakini alinunua macho yakiwa wazi. Palikuwa na mashahidi, fedha ikapimwa kwenye mizani, hati ikaandikwa mbili, moja imetiwa muhuri na nyingine wazi. Hakuna aliyemficha neno. Kwa hiyo kitu kibovu kinaweza kuuzwa kwa haki kabisa, mradi ubovu wake uwe mezani pamoja na bei. Yupo mnunuzi anayetafuta hiyo hiyo ya milioni 34, kwa sababu mdogo wake ni fundi. Ukificha unamkosa huyo, unampata asiyeweza kuibeba.

7. NA WEWE MNUNUZI, NA WEWE DALALI, NA WEWE FUNDI

Mnunuzi, usikae kifua mbele. Mithali 20:14 inakujua! Unaponunua unalalamika kitu ni kibaya, kibaya, ukishaondoka unajisifu umepata rahisi. Ukiiona nyumba ya mjane ni nzima na wewe unampigia kelele za nyufa ambazo hazipo ili ashushe bei, umepaka matope nyumba ya mwenzako. Kumpaka mtu matope na kupaka ukuta rangi ya uongo ni kazi ya mkono mmoja.

Dalali, usiseme "mimi nimeleta watu tu." Wewe unaijua nyumba ile, umeshapeleka watu wanne, na wawili walikukimbia walipoona choo. Unachojua kinakudai.

Fundi, ukiambiwa "ziba tu isionekane", uliza, "Isionekane na nani?"

8. FANYA HIVI

1. Kabla ya kumwita fundi rangi, zunguka nyumba yako na karatasi. Andika kila unalolijua, hasa yale unayotamani mtu asiyaone. Hayo ndiyo ya kwanza.
2. Unaloweza kutengeneza, tengeneza mpaka mzizi. Usiloweza, liache wazi au uliseme.
3. Kisha safisha, paka, panda maua! Sasa pambo lako halina deni.
4. Mwite mnunuzi aje mara ya pili. Ikiwezekana aje siku ya mvua.
5. Kasoro mlizokubaliana ziandikwe kwenye hati ya mauziano, mbele ya mashahidi. Hilo linakulinda hata wewe, hatakuja mwakani kusema hukumwambia.
6. Mnunuzi, nenda na fundi wako, kaulize majirani watatu, na nyumba yenye hati fanya upekuzi ofisi ya Msajili wa Hati kabla ya kutoa hata mia.
7. Jirani, ukiulizwa, jibu. Si umbea huo.

Mwisho, kuna kipimo ambacho hata mtoto anakiweza, ni kile cha Mathayo 7:12. Jiweke wewe upande wa pili wa mlango. Wewe ndiwe umeshika bahasha. Mkeo yuko nyumbani anangoja kusikia umepata nyumba gani. Watoto wameshaanza kugombania chumba. Mwenye nyumba anakutembeza, anakuonyesha ukuta mpya unaonukia rangi. Ungependa akuambie nini kuhusu ukuta huo?

Kamwambie hilo hilo mnunuzi wako.

(Ukishasoma usitupe. Mpe jirani anayeuza nyumba, au dalali wa mtaa wenu.)